Wino Mwekundu wa Wodi ya Wanaume

Iringa ya miaka ile ya hamsini, kila mtu alijua kwamba mgonjwa akiandikwa kwa wino mwekundu kwenye kitabu cha hospitali, harudi kwao. Niliamini kabisa, mimi mhitimu wa shule ya jioni, niliyeajiriwa karani wa wodi ya wanaume kwa sababu, nasema bila aibu, hapakuwa na mwandiko mzuri kama wangu kutoka Iringa hadi Tunduma.

Kila asubuhi niliwapitia waliopasuliwa, nikatazama bendeji, nikauliza hali ya kidonda, nikaandika. Kidonda kikavu, wino wa buluu. Chenye usaha, mwekundu. Bendeji hazikufunguliwa ovyo siku hizo, kwa hiyo daktari alisoma kitabu changu kabla ya kumruhusu mtu kwenda nyumbani.

Udadisi ulinila. Kidonda kilichofunikwa kinajuaje kilichoandikwa mezani? Wino ule niliunusa. Siku moja niliuonja kwa ncha ya ulimi, nikaenda kukaa ukutani kusubiri kifo; kilichokuja ni njaa. Hata hivyo sikuthubutu kumwandika mtu kwa wino huo.

Nikapata mbinu ya kuukwepa. Mtu wa kwetu ukimwuliza hali, hata awe anakata roho, atajibu kwanza "nzuri". Shida hufuata baadaye. Basi mimi nilichukua ile "nzuri" nikaenda zangu.

Dereva mmoja wa lori kutoka Mbeya alikuwa amepasuliwa ngiri.

"Kidonda kinaendeleaje, mzee?"

"Vizuri, bwana karani. Ila tangu jana..."

"Ndaga!" nikamshukuru kwa Kinyakyusa chake, tayari niko kitanda cha pili.

"Huyu naye!" akawaambia wenzake. "Lori lisilo na breki!"

Siku tano mfululizo, buluu. Alikuwa akitetemeka, lakini nani hatetemeki kwa baridi ya Iringa? Daktari akasaini aondoke kesho yake, siku mbili za kurushwa-rushwa juu ya magunia hadi Mbeya.

Asubuhi ya kuondoka muuguzi mkuu, mama wa Kibena, alikuja kumfunga bendeji mpya ya safari. Alipoifungua ile ya zamani, akaagiza daktari aitwe. Harufu ilifika, nadhani, hadi misheni ya Tosamaganga. Mshono ulikuwa umevimba, usaha unachuruzika.

"Nilikuwa namwambia karani," dereva alisema kwa sauti ndogo, "ila hakuningoja."

Safari ikavunjwa. Mshono ulifunguliwa, akachomwa sindano za penisilini, na kwa siku kadhaa hakuna aliyejua kama atapona. Mimi sikula vizuri.

Siku dereva alipotembea mwenyewe hadi mlangoni, muuguzi aliniita, kitabu mkononi.

"Mwanangu, kwa nini?"

Nikamweleza habari za wino. Hakucheka.

"Ni kweli, wengi walioandikwa kwa wino mwekundu walikufa," alisema. "Waliandikwa vidonda vikiwa vimeshaoza. Wino huo ni ili daktari akifungua ukurasa amwone huyo kwanza. Ungemwandika huyu kwa mwekundu siku aliyokwambia 'ila', sasa hivi angekuwa kwake Mbeya."