Mashimo Meusi ya Cyanzarwe

Nina chumba kimoja mjini Gisenyi, juu kidogo ya soko, chenye kompyuta mbili, mashine ya kuchapa na nyingine ya kutoboa karatasi na kufunga vitabu. Watu hukiita sekretarieti. Mimi hukiita ofisi, na anayeniita "mama wa fotokopi" namwacha asubiri mpaka ajifunze adabu. Nilizaliwa Tanzania, nikaja hapa kwenye nchi ya wazazi wangu nikiwa msichana mkubwa na Kiswahili changu cha shule, na mpaka leo mtu akiniletea barua yenye makosa siwezi kuichapa hivi hivi. Namsahihisha, ananuna, anaapa kwamba hatarudi, kisha anarudi.

Msimu wa wanafunzi kutetea tasnifu zao ndio msimu wangu wa raha. Walimu wao hawajui kwamba mimi husoma kila kinachopita mezani. Siwezi kuchapa nisichokielewa, vidole vinagoma. Kwa njia hiyo nimejifunza sayansi nyingi ambayo hakuna aliyenipa cheti chake.

Mwaka ninaousimulia kulikuwa na tasnifu nne mezani, zote za kutetewa juma moja. Ya kwanza ilihusu homoni zinazomfanya ng'ombe aachie maziwa au ayabane. Mwenyewe alikuwa amezunguka malisho ya Mudende, huko mlimani, miezi mingi akiwatoa ng'ombe damu, na alikuwa na kovu la teke kwenye goti kama ushahidi. Ya pili ilipima ubora wa maziwa hayo, yaani yanakaa mazuri kwa muda gani tangu yatoke huko mlimani mpaka yafike kikombeni mjini. Tangu niichape, ninanusa kila kikombe. Ya tatu ilikuwa ya mashine ya kung'oa viazi bila kuvikatakata. Nilimwambia aliyeichora kwamba mpini wake ulikuwa mfupi, kwamba kwa mpini ule mtu angevuna akiwa amepiga magoti. Alinitazama kwa jicho la pembe, halafu akaurefusha.

Ya nne ilikuwa ya binti wa Cyanzarwe, vijijini nje ya mji, mwalimu wa fizikia katika shule moja ya hapa mjini, na ilihusu mashimo meusi ya angani.

Nilimpenda binti yule, sina haja ya kuficha. Kompyuta yake ilikuwa imekufa, kwa hiyo aliniletea kurasa zilizoandikwa kwa mkono, hesabu tupu kutoka juu hadi chini, na kila nilipouliza kitu alinijibu mpaka nikaridhika. Darubini hakuwa nayo. Alichukua vipimo vya nyota moja vilivyopigwa na watu wengine kwa miaka mingi, akavihesabu upya ili ajue uzito wa kitu ambacho nyota hiyo inakizunguka. Kitu chenyewe hakionekani, kwa sababu hata mwanga ukiingia humo hautoki. Kazi yake iliniumiza kichwa kuliko zile tatu kwa pamoja, na nilipomaliza kuichapa nilijiona mtu mkubwa.

Siku moja kabla ya kutetea alikuja akasimama mlangoni, haingii.

"Mama, mi niko na tatizo."

"Umeona kosa?"

"Hapana. Ni baba."

Akanieleza. Miaka miwili nyuma, baba yake, mkulima wa viazi, alimuuliza anafanya utafiti wa nini. Akajibu kama ulivyo: mashimo meusi. Sasa, pale kwao, ukifukua udongo kidogo tu unakutana na mwamba mweusi wa volkano. Kuchimba shimo la choo ni majuma ya nyundo na mtaimbo, na wengi hukomea nusu. Mzee hakuwa na haja ya kuuliza zaidi. Mwisho wa mwezi, watu walipomaliza umuganda, ile kazi ya pamoja ya kijiji, na kuketi mkutanoni, alisimama akatangaza kwamba binti yake anatafuta njia ya kuchimba vyoo kwenye mwamba. Wakampigia makofi.

"Na wewe ulikaa kimya?"

"Mi nilijua nyuma, baba ameshasema. Iko siku mutu moja alinisimamisha kwa njia, ananiuliza kama dawa ya kulainisha mawe imepatikana."

Nilicheka mpaka nikaomba kiti katika ofisi yangu mwenyewe. Yeye hakucheka.

"Kesho atakuja na shefu wa mudugudu, ule mukubwa wa kijiji, watakaa mbele. Wakiniuliza swali moja tu kwa Kiswahili, baba atajua pale pale, mbele ya watu yote. Mama, we ndiye umeisoma yote, na Kiswahili yako iko ya kitabu. Umuambie mbele ya saa kufika."

"Mwambie wewe. Ni baba yako."

"Nimejaribu. Akiniangalia vile anafurahi, nashindwa."

Nilipandwa na hasira. Nilimwambia kwamba mtu anayeweza kupima uzito wa kitu kisichoonekana hashindwi kuongea na mzazi wake. Nikaona macho yake yamejaa, nikakubali, nikabaki najilaumu kwa kidomodomo changu.

Kesho yake saa tatu asubuhi mzee alikuja kuchukua vitabu vya binti, nakala za tasnifu nilizozifunga. Alivaa koti la kijivu lililopigwa pasi vizuri na viatu vilivyoonekana kumbana. Nilimpa kitabu kimoja, akakipima uzito mikononi, akafurahi.

"Bon. Madame, hii ndiyo ile ya choo?"

Maneno yote niliyokuwa nimeyapanga yakanitoka kichwani. Nikamvutia kiti, nikamwambia kwamba hapana, mzee, si ya choo. Ni ya mashimo ya juu, kwenye nyota. Nikamweleza nilivyoweza, nikirudia rudia. Alisikiliza bila kunikatiza, na uso wake ukapoa pole pole. Halafu akanyoosha kidole kwenye vitabu vingine.

"Na hizi?"

Nikamweleza. Ile ya ng'ombe ilimfanya atabasamu kidogo. "Ngombe akiona mutu hamujui, anafunga maziwa. Hii hata mi najua, bila sindano." Ya maziwa akasema ni kazi nzuri. Ya mashine akaiomba, akatazama mchoro kwa muda mrefu, akapitisha kidole juu ya mpini niliourefusha mimi.

"Hii ingesaidia mugongo yangu," akasema. "Hawa watoto wengine, baba zao watarudi na kitu nyumbani."

Iliniuma, kana kwamba binti alikuwa wangu. Nilimjibu kwa ukali ambao sikuukusudia. Nilimwambia kwamba hao watatu niliwaelewa kwa siku chache, na wake amenitesa miezi miwili.

"Hiyo shimo," akauliza, "nani aliiona?"

"Hakuna."

"Hakuna hata mutu moja?"

"Halionekani, mzee."

Alinitazama namna watu wanavyomtazama muuza dawa za miujiza sokoni. Nikafungua kitabu kwenye ukurasa wa mchoro haraka haraka, nikamwonyesha njia ya ile nyota: duara lililobonyea, na karibu na ncha yake moja, ndani, mahali peupe pasipo na kitu. Nikamwambia nyota inapita hapa, na hapa, na hapa, mwaka hadi mwaka, na ikikaribia hapo panapoonekana patupu inakwenda mbio sana.

Akakivuta kitabu karibu. Mteja mmoja akaingia, akatuona tumeinamia mchoro, akatoka.

"Ukifunga ngombe kwa kijiti, na kamba," akasema, "anakula anazunguka. We unakuja, unakuta mutu ameshapeleka ngombe nyumbani, na kijiti ameibeba. Lakini majani imekatwa kwa duara. Utasema hapa hapakukuwa kijiti?"

"Siwezi kusema hivyo."

"Na ngombe ya nguvu haiwezi kuzunguka kijiti mubovu. Ataing'oa. Donc basi, hiyo kijiti ya nyota yake iko nzito sana."

Nilikuwa nimechapa sura nzima juu ya jambo hilo, pamoja na hesabu zake, na ninakiri kwamba nililishika barabara asubuhi ile, kutoka kwa mkulima wa viazi. Nilifurahi hata nikampigia makofi. Mzee naye akaanza kucheka, akafuta macho kwa kiganja. Kisha akakumbuka.

"Na shefu, mi nitamuambia nini? Miaka miwili anangoja."

Alikumbatia vitabu vyake akaondoka, akichechemea kwa ajili ya viatu.

Saa nane nilifunga ofisi, jambo ambalo silifanyi hata nikiwa na homa. Ukumbini chuoni nilimkuta mzee mstari wa mbele, na pembeni yake mkuu wa kijiji, mtu mnene mpole, daftari jipya mapajani na kalamu mkononi. Nilijua mara moja kwamba hajaambiwa kitu. Nilikaa nyuma yao, roho juu.

Binti alieleza kazi yake kwa Kiingereza, kwa sauti kavu mwanzoni, kisha ikanyooka. Watahini watatu waliuliza mambo ya hesabu, akayajibu yote bila kusita. Nilianza kupumua. Mkuu wa kijiji alikuwa hajaandika hata neno, akisubiri kwa subira waifikie habari ya mwamba.

Ndipo mtahini wa mwisho, mtu wa miwani aliyekuwa akichora chora karatasini, akahamia Kiswahili.

"Sasa dada, tuambie kwa maneno rahisi. Mkulima wa kwenu Cyanzarwe, utafiti huu unamfaa nini?"

Mkuu wa kijiji akafungua kalamu.

Binti alimtazama baba yake, akamtazama mkuu wa kijiji, mdomo ukafunguka, hakikutoka kitu. Katika chuo kile, anayeshindwa kueleza kazi yake inafaa nini hurudishwa kuandika upya, na mwaka unapotea. Mtahini akarudia swali, safari hii akiangalia saa.

Mzee akasimama. Watu wa familia hawaruhusiwi kusema pale, na mwenyekiti wa jopo alikwisha kuinua mkono kumzuia.

"Munisamehe, mi ni baba yake," akasema. "Kosa iko yangu. Mi nilisikia shimo, nikasema ni choo, nikaambia watu yote. Shefu, unisamehe na we. Choo tutachimba sisi, mikono tuko nayo. Lakini hii kazi yake, kwetu hakuna mwingine anaiweza. Mumuache aifanye."

Akaketi. Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Mwenyekiti alijaribu kukaza uso, akashindwa. Mkuu wa kijiji alicheka kuliko wote, akampiga mzee bega, mimi huko nyuma nikiwa nalia na kucheka kwa wakati mmoja bila aibu yoyote.

Kicheko kilipotulia, mtahini wa miwani alisema kwamba swali lake bado halijajibiwa. Binti akatoka nyuma ya meza, akaziacha karatasi zake zote pale. Hakuwaelekea watahini. Alikwenda akasimama mbele ya kiti cha mstari wa mbele, karibu kabisa na vile viatu.

"Baba," akasema, "iko hivi."

Akaanza mwanzo kabisa, polepole, kwa Kiswahili cha nyumbani, na kila baada ya maneno machache alisimama kumwangalia kama ameelewa. Mzee alikuwa akiitikia, yego, yego, halafu akauliza swali, akajibiwa, akauliza lingine. Mtahini wa miwani akaweka tiki kando ya swali lake, na mwenyekiti wa jopo akaiweka kalamu yake chini, akawaacha waongee.