Fanusi Iliyotiwa Kalafati

Muhidini alitoka kwao akiwa bwana harusi, akarudi kapera kabla ya isha. Sababu, taa.

Msicheke. Huyu ni babu mzaa bibi yangu, na hivi ndivyo tulivyosimuliwa.

Ilikuwa kijiji cha Kanga, enzi za Mdachi. Muhidini alikuwa fundi wa kutia kalafati. Chombo kikivuja anaitwa yeye, anakuja na pamba iliyochovywa katika mafuta ya papa, anaziba kila mwanya mpaka maji yanakoma. Kazi aliijua. Kwa majivuno pia hakuwa haba.

Sasa alimpenda Arafa, na ukoo wa kina Arafa ulikuwa na ada yao. Bwana harusi anakuja kwa miguu, ameshika mwenyewe taa iliyowashwa kwa mama yake. Njiani mashangazi wa bibi harusi wanamvizia na kata za maji, wamzimie taa.

Taa ikivuka kizingiti inawaka, mke ni wako. Ikizimika, rudi kwenu ujaribu Ijumaa nyingine. Ikizimika tena, posa imevunjika.

Na Jabir, kijana wa watu wenye mashamba ya minazi, alishapeleka salamu kwamba yeye yupo tu, hana haraka.

Muhidini akasafiri mpaka Chole kutafuta taa. Dukani aliikuta fanusi, ile taa ya mabaharia yenye bati juu na chini, kioo kimezungushiwa waya. Pembeni yake kulikuwa na taa ya chemni ya rangi ya waridi, ina maua, ina miguu ya shaba. Akachukua ya maua.

"Hiyo ya ndani, kaka," dada yake Mize alimwambia. "Wewe utakuwa nje, na masika haya."

"Fanusi wanabeba wavuvi. Mimi naoa."

"Haya, oa."

Siku ikafika. Kanzu nyeupe, taa mkononi, ndugu nyuma wanaimba. Kioo cha chemni kimeshapata moto sawasawa. Ghafla Mwanamkuu, shangazi mkubwa wa Arafa, akachomoza kichakani na kata yake. Akarusha maji mara moja tu, tena hata hakulenga.

Pa. Kioo kikapasuka vipande, upepo ukamalizia.

"Pole, baba," alisema Mwanamkuu. "Maua yake yalikuwa mazuri."

Jioni ile Muhidini hakula. Aliona aibu hata mbele ya kuku. Alimtaka yule mwanamke kwa moyo wote, na sasa ilibaki safari moja.

Akaenda kununua fanusi. Angeishia hapo, mimi nisingekuwa na la kuwasimulia. Lakini aliigeuza, akaona vitundu chini yake. Vya nini? Maji si yataingia? Ufundi ukampanda kichwani.

Ijumaa ya pili akaiwasha fanusi, kisha akaitia kalafati. Pamba na mafuta ya papa kila mahali, juu akaacha kitundu kidogo cha moshi.

"Kaka, taa si ngalawa," Mize alisema.

"Kinachovuja ni kinachovuja tu."

Wakatoka. Mashangazi wakamwaga maji kwa kata, wakamwaga kwa mitungi. Tone halikuingia. Muhidini alicheka njia nzima, na harusi yote ilinuka papa.

Walipokaribia nyumba, kicheko kikamkauka. Mwali ulikuwa unasinyaa. Ulikuwa kidole, ukawa punje ya mtama. Akaitikisa taa, ukazidi kudidimia. Kizingiti kilikuwa pale, na bado mashangazi wamemzingira, hawampi njia.

Mmoja tu aliuona ule mwali vizuri. Arafa alikuwa amechungulia dirishani, na mtu aliyekaa jikoni tangu utoto anajua moto ukifunikwa unafanyaje. Kutoka nje hawezi, bibi harusi. Kumsaidia mume hadharani ndiyo kabisa.

Akapaza sauti. "Shangazi, mnapoteza maji bure. Ameziba kwa pamba huyo. Toboeni huko chini maji yaingie."

Mwanamkuu akachekelea. "Simama hapo hapo, fundi."

Akatoa kisu chake cha kukatia popoo, akainama, akaing'oa pamba yote. Muhidini alibaki ameduwaa, machozi yanamlenga. Kumbe Arafa anamtaka Jabir, alijisemea.

Mwanamkuu akageuka kuteka maji. Alipogeuka tena, mwali umesimama, mrefu, wa manjano.

Kata ikaja. Maji yakapiga bati, yakapiga kioo, yakateremka zake. Fanusi iliundwa kwa ajili ya mvua tangu huko ilikotoka, pamoja na vitundu vyake. Muhidini hakungoja kata ya pili. Aliruka kizingiti, kanzu kaikunja magotini.

Walipobaki wawili, bado alikuwa na donge.

"Ulitaka kunizimia taa, Arafa."

"Wewe ndiye uliyekuwa unaizima. Taa nayo inapumua. Ningekwambia vipi mbele ya wale? Ikabidi niwatume wao."

Mwanamkuu alikuja kuyajua hayo wakati Arafa ana mtoto wa pili. Inasemekana alinuna mpaka wa tatu.

Basi wewe unayenunua taa ya barazani au ya uani, usidanganywe na maua. Tafuta iliyozoea mvua, na ukiipata, usijifanye unajua kuliko aliyeiunda. Wapo watu wamepata wake wema kabisa, wakaziba kila dirisha kwa kuogopa tone la nje, kisha wanauliza mbona nyumbani kumekuwa giza.