Soksi ya Nne

Ijumaa ile nilifua sare za mwanangu, nikaanika, na soksi zikawa tatu. Nilizihesabu mara mbili kama mjinga. Kisha nikaenda kuangalia sanduku lake la bati, ambalo lilikuwa sebuleni likingoja Jumatatu, nikakuta halina kufuli.

Alikuwa kidato cha tatu, amerudishwa nyumbani wiki mbili kwa kumpasua mwenzake kichwa bwenini. Barua ya shule ilisema kwa ngumi. Naibu wa mwalimu mkuu alituambia akirudia tu, hana shule tena. Lakini mimi nilikwenda hospitalini Nyamira kumwona yule mtoto wa watu, nikaona kichwa kilivyoshonwa. Ngumi gani hiyo? Kufuli ndani ya soksi ndilo hupasua hivyo, na kila mzazi wa shule za bweni huku anaujua mchezo huo. Na kufuli lenyewe nililinunua mimi, kubwa kuliko yote dukani kwa Mhindi, kwa sababu kidato cha kwanza walimwibia kila kitu.

Baba yake aliniambia nimuulize. Nikamuuliza, akasema limepotea, akaendelea kula ugali wake. Nikajua liko saiga, ile nyumba ya mvulana tuliyomjengea alipotahiriwa. Hapo sasa ndipo penye taabu. Huku kwetu baba havuki mlango wa nyumba ya mwanawe, na mama, hata akiingia kuacha chakula, hakaribii kitanda. Ni aibu isiyosemeka. Wavulana wanalijua hilo vizuri sana, wanaweza kumficha humo hata shetani.

Sabato tulikwenda kanisani sote, yeye akakaa mbele na kwaya. Mhubiri alihubiri, mimi nikawa nawaza nyuzi za kichwa cha yule mtoto. Nikatoka katikati ya maombi, nikapanda kilima katikati ya mashamba ya chai, viatu mkononi.

Niliingia saiga, nikainua godoro lake. Lilikuwepo, ndani ya soksi, fundo limeshafungwa. Nililishika tu hivi, nikaupima uzito wake. Mara mlango ukaingia giza. Alikuwa amenifuata.

"Mama, toka kitandani kwangu."

Hakupaza sauti. Alisimama pale mlangoni amekunja ngumi, mrefu kumpita baba yake, na kwa mara ya kwanza nilimwogopa mtoto niliyemzaa. Nasema wazi, niliogopa. Na mimi nikiogopa huwa nakuwa mkali. Nikamwita muuaji. Nikamuuliza unyama huo alijifunzia wapi, maana si katika boma hili.

"Kidato cha kwanza nilirudi nikilia," akasema. "Wamenipiga, mgongo umevimba. Uliniambia nini?"

Sikuhitaji hata kufikiri. Siku ile nilikuwa nachambua mboga, na sikuinua macho. Nilimwambia mwanamume aliyetahiriwa hamletei mama yake machozi, asikanyage hapa tena akilia, awafanye wao ndio walie.

Nikaketi. Juu ya kitanda chake. Alitazama pembeni kwa aibu, kisha naye akashuka taratibu akaketi kizingitini. Nikamwomba anionyeshe mgongo. Akakataa. Nikamwomba tena, na sijui sauti yangu ilikuwaje, kwa sababu alinigeuzia mgongo na kuinua shati. Nilitafuta kovu, alama, chochote cha kupaka dawa. Hapakuwa na kitu. Ulikuwa umepona zamani, bila mimi.

Kufuli nililitupa chooni jioni ile. Jumatatu tulifunga sanduku kwa kamba ya katani, tukaenda wote wawili. Langoni mwa shule ndipo akaniuliza, akitazama kamba ile, "Na wakinipiga?"

"Njoo nyumbani," nikamwambia. "Njoo ukilia."

Alibeba sanduku lake begani, akaingia.