Siku Niliyofunga Madirisha na Mama Akiwa Ndani

Enzi zetu, wenzangu mliokulia kandokando ya ziwa, tulijua kuogopa moshi usio na moto. Unainuka mbali juu ya maji, mweusi, umesimama wima, na watu wazima wananyamaza kuangalia upepo unaelekea wapi. Ukigeukia kwetu, mama anapiga ukelele mmoja tu: "Funikeni!" Basi, kombolela imekufa, kuteleza kwenye mawe kumekwisha, kila mtoto anakimbilia kazi yake. Moshi huo ni wadudu wa ziwani; hawaumi, lakini wakija wanakuja kwa mamilioni, wanaingia puani, machoni, kwenye mboga, hata kwenye chai uliyoishika mkononi. Mdogo wangu Masanja alifunika mtungi wa maji. Kazi yangu ilikuwa turubai: nalitandaza juu ya dagaa walioanikwa mwambani, halafu naweka mawe manne, moja kila pembe. Nilichelewa siku moja tu, tukala dagaa wenye wadudu wiki nzima, na makofi niliyopata sitayasimulia hapa. Tangu hapo mikono yangu haikuhitaji kuambiwa.

Watoto wa siku hizi moshi ule wanaupiga picha. Lakini mdudu mmoja akiingia sebuleni, mtu mzima na digrii yake anapanda juu ya kochi.

Baba alikuwa mtu wa kufunga. Madirisha ya mbao anayatia komeo, chini ya mlango anasokomeza magunia, kila upenyo unapata kitambaa chake. Ndani giza, harufu ya michembe, vile viazi vikavu, inayochemka imechanganyika na jasho la watu saba, na bati juu ya vichwa vyetu linawaka jua la mchana. Hafungui mtu mpaka yeye aseme. Sasa siku moja akachelewa kusema. Masanja alikuwa na pumu. Akaanza kuvuta pumzi kwa mluzi, midomo ikageuka rangi ya majivu, macho yamemtoka. Nilikuwa na miaka minane, na niliogopa mpaka nikajikojolea, kwa nini nifiche? Baba anasema, "Ngojeni wapite." Mama, ambaye sikuwahi kumsikia akimpinga baba mbele yetu, akasimama, akamnyanyua Masanja, akamfunika kanga, akachomoa komeo.

"Wadudu hawaui mtu," akasema. "Joto ndilo linaloua."

Akatoka naye katikati ya wingu lile. Sisi ndani tumekodoa macho mlangoni. Tukasikia kikohozi, kisha kilio, na sijawahi kufurahia kilio cha mtoto kama siku ile. Leo Masanja yuko Geita, ana kitambi, anauza ng'ombe.

Mama huyo sasa amelala chumbani kwangu, hapa Ilemela, upande mmoja wa mwili umelegea kwa kiharusi. Daktari alituonya asikae kwenye joto kali, presha isije ikapanda tena. Ndiyo maana tukamwekea kiyoyozi, tukatoa madirisha ya zamani tukaweka vioo vinavyofunga kabisa. Usiku na asubuhi hapa mlimani ni baridi, hatukiwashi. Tunakiwasha mchana tu.

Wiki iliyopita, saa saba mchana, nikawasha kama kawaida. Kikapuliza, lakini hewa ya vuguvugu. Nikasema labda bado kinajikusanya. Nusu saa ikapita, shingo ya mama inachuruzika jasho, pumzi imekuwa fupi fupi. Jamani! Nikampigia fundi Deusi, yule aliyetufungia mashine.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Deusi, AC haileti baridi na mgonjwa yuko ndani!"

"Pole, mama. Kwenye rimoti kuna alama gani?"

"Ya theluji."

"Namba?"

"Kumi na sita."

"Chujio umeliosha lini?"

Nikapanda kiti, nikafungua kifuniko, nikachomoa chujio. Safi kabisa, nililiosha Jumamosi. Nikamwambia.

"Basi zunguka nyuma uangalie ile mashine ya nje, feni yake inazunguka au imesimama? Mimi niko Busisi, nikimaliza hapa navuka daraja nakuja."

Kuzunguka nyuma maana yake nimwache mama peke yake, nilizunguke lile jiwe kubwa lililobana nyumba yetu. Sikuweza. Niliogopa nikirudi nimkute hayupo. Na madirisha nikaogopa kuyafungua: wadudu walikuja jana yake, bado wamegandamana kwenye vioo, na kichwani mwangu nikawa nasema nikifungua baridi itatoka. Baridi ipi? Nikabaki nimesimama pale nabonyeza rimoti, nabonyeza, huku mama anahema.

Akanishika kwa ule mkono mzima. Ulimi wake ni mzito siku hizi, lakini nilimsikia.

"Fungua mlango. Masanja anakufa."

"Mama, Masanja yuko Geita, ni mzima."

"Fungua!"

Sauti ilikuwa ile ile. Nikafungua mlango, nikafungua vioo vyote. Upepo wa ziwa ukaingia pamoja na wadudu wake, wakatua kwenye shuka, wakatua kwenye paji la uso la mama. Nikamlowesha shingo kwa maji, nikampepea kwa kanga, namwomba Mungu kwa sauti kama kichaa. Polepole pumzi ikashuka, ikarefuka. Nilipoona amefumba macho kwa raha, ndipo nikazunguka nyuma.

Mashine ya nje ilikuwa imefunikwa turubai la bluu gubigubi, na mawe manne chini, moja kila pembe.

Ni mimi. Jana yake jioni, kiyoyozi kimeshazimwa, moshi ulipogeukia kwetu, nilifunika. Hakuna aliyeniambia, na nilisahau kama mtu anavyosahau kwamba amepepesa macho.

"Nimeifunika mwenyewe, mwanangu," nikamwambia Deusi kwenye simu. "Wadudu."

"Sasa mama, ukiifunika ile, joto la chumbani litatokea wapi? Zima kwanza, toa turubai, iache ipoe, ndiyo uwashe." Hakucheka. Bora angecheka.

Nikafanya alivyosema, na kweli baadaye baridi ikaja. Nikaanza kufunga vioo. Mama akafumbua macho, akanitazama.

"Amepumua?"

"Amepumua, mama."

Akarudi kulala. Dirisha moja nikaliacha wazi, mashine ihangaike itakavyo.

Enzi zile tulikuwa na bati linalounguza, komeo la mbao na baba mkali, na tuliogopa kweli. Lakini humo ndani alikuwemo mtu aliyejua wakati wa kufungua mlango. Siku hizi nina vioo, nina rimoti, nina fundi kwenye simu, na mtu wa kufungua ni mimi. Nilingoja mpaka mgonjwa mwenyewe aniamrishe. Na mama anazeeka, wenzangu. Anazeeka.