Ngazi Arobaini na Moja

Mimi Germaine, sipendi watu wanaosema shemeji yangu Godefroid ni muoga. Waje waniambie mimi, hapa ninapouzia sombe, majani yangu ya muhogo, nitawajibu. Godefroid ni fundi baisikeli wa avenyu yetu hapa Kindu, na tangu uchaguzi uliopita njo konseye wetu, diwani anayetusemea kwenye komini, serikali yetu ya hapa. Aliyemufunga mudomo ni siye wenyewe.

Mwaka 2002 vita vilitufungia ndani ya muji. Treni haikuja, mashamba yalikuwa ng'ambo ya bariera ya watu wenye silaha, na watoto walianza kuvimba miguu. Tulimuchagua Godefroid atusemee mbele ya mukubwa wa bariera. Na neno la kusema tulilichagua hivi: kila nyumba ilete kitu kimoja kwenye kitunga. Ngazi moja, lile tunda la muchikichi linalotoa mawese, maana yake wanawake watoke wakachimbe muhogo. Jiwe, maana yake tungoje.

Godefroid alisema, "Ngojeni juma moja tu. Yule mukubwa anacheka sana, simuamini."

Tulimuzomea. Nani angengoja na tumbo tupu? Sumaili, fundi cherehani, akamuambia, "Penye wengi hapaharibiki neno, ndugu yangu. Hatukukuchagua utufikirie. Tulikuchagua ubebe." Tukahesabu ngazi arobaini na moja, mawe tisa. Ngazi yangu ilikuwa mle ndani. Tukazichemsha palepale, watoto wakafyonza mpaka kokwa. Godefroid akabeba neno letu, mukubwa wa bariera akacheka, akakubali.

Siye tuna desturi: mwenye kubeba neno la watu, nyumba yake njo inatangulia njiani. Basi yaya yangu Déborah, dada yangu mukubwa na muke wa Godefroid, akatembea mbele na kitunga chake kichwani. Asubuhi ya Jumanne walitoka wanawake saba. Wakarudi wanne. Yaya Déborah hakurudi, wala hatukuletewa hata kikwembe chake.

Godefroid hakutulaumu. Hilo njo linaniuma mpaka leo, afadhali angenitukana. Aliokota yale mawe tisa akayatia kwenye kopo lake la misumari, na kopo liko bado pale kazini kwake, chini ya benchi.

Sasa korongo la mvua linakula avenyu yetu. Mwaka jana lilimeza choo cha Safia pamoja na migomba yake. Komini imetoa viwanja kule juu, mbali na muto na soko, lakini konseye lazima aseme kwamba watu wake wanakubali kuhama. Godefroid alitukusanya, akatuomba tuhame kabla ya mvua ya Septemba. Alipiga magoti kabisa, muzee wa karibu miaka sabini, mbele ya watoto wa juzi.

"Tulikupigia kura," vijana wakasema. "Sema neno letu."

"Na huko juu sombe nitamuuzia nani?" Hiyo ilikuwa sauti yangu. Ndiyo, mimi.

Kitunga kikazunguka tena, ngazi kwa kuhama, jiwe kwa kubaki. Mawe yalijaa mpaka kitunga kikamushinda mubebaji, na langu lilikuwemo.

Nilidhani atakataa. Nilitamani akatae, Mungu ananiona. Kuna siku unataka yule uliyemuchagua akushinde nguvu, akuokoe na kichwa chako mwenyewe. Lakini alivaa shati lake la misa, akaenda komini, akasema, "Watu wangu wanabaki." Alirudi bila kumusalimia mutu.

Jioni hiyo nilimukuta anasukuma kitanda. Nyumba yake njo ya kwanza ukingoni mwa korongo. Chumba chake cha siku zote kinatazama avenyu, na sasa alikuwa anahamia kile cha nyuma, ambacho ukuta wake umeshapasuka kwa sababu ya korongo.

"Shemeji, unafanya nini?"

"Nikilala huku, udongo ukianza kwenda nitasikia wa kwanza. Nitapiga kelele." Akapumzika kidogo, mukono kiunoni. "Muambie binti yako Falone alaze watoto upande wa avenyu."

Nilitaka kumuambia tuhame, mimi na yeye na Falone, tuwaache wengine na mawe yao. Lakini mvua ilikuwa imeshaanza kudondoka kwenye mabati, na kitanda kilikuwa kimekwama mulangoni.

Nikashika upande wa pili, tukasukuma.