Siku ya Chitechi na Siku ya Ayuma

Ayuma alipofariki, mumewe, Mzee Mukasia, hakulia mbele ya watu. Aliketi kwenye kigoda chake kando ya mlango, na akiulizwa jambo alijibu, "Muulizeni mwenyewe." Kisha akakumbuka kwamba mwenyewe ndiye waliyemzika. Miaka yote waliyokaa pamoja, maneno ya nyumba ile yalikuwa ya Ayuma. Yeye alikuwa mtu wa jembe na kimya.

Wazee wa ukoo wakapanga siku ya kuanua matanga: Jumatano ya pili ya Novemba, ili ndugu za Ayuma walioko Likuyani wapate nafasi ya kufika. Kwa Mzee siku zote zilikuwa sawa. Alitaka jambo moja tu, watoto wa shule waje waimbe. Shule ilikuwa ng'ambo ya ua wake, na sakafu za madarasa yale Ayuma ndiye aliyekuwa akizikandika kwa samadi kila mwisho wa juma, bila kuombwa wala kulipwa. Watoto walimwita Kukhu, bibi yao. Mwalimu Phineas, mkuu wa shule, alikubali papo hapo. Angewavusha ua kwa mstari, waimbe, warudi darasani.

Kumbe Jumatano hiyo ilikuwa na wenyewe. Ilikuwa siku ya kuwakumbuka waliokufa vitani. Enzi za wazungu shule hiyo ilikuwa ikifungwa siku hiyo, na watoto wakubwa wakipelekwa Kakamega mjini kusimama kiwanjani mbele ya Disii, mkuu wa wilaya, tarumbeta ikilia. Sasa uhuru ulikuwa haujatimiza mwaka. Disii mzungu alikwisha kwenda kwao, bendera imebadilika, na hakuna aliyesema lolote kuhusu siku ile. Kamati ya shule ikaitwa iamue yenyewe kama shule ifungwe watoto waende mjini, au iwe wazi, na Mzee Mukasia alikuwa mmoja wa kamati.

Walikutana darasani, watu wazima wamekunja magoti kwenye madawati ya watoto. Mwalimu Phineas akasema mtihani wa darasa la saba uko karibu, na tena ile ilikuwa siku ya mkoloni. Anayetaka kuwaheshimu waliokufa, afadhali awasomeshe watoto wao. Mzee Mukasia akaona ni kweli.

Onesmus akainuka. Huyu alipigana Burma, na nishani zake alizivaa hata akienda kununua chumvi. Akasema waliokufa Burma hawakuwa wazungu peke yao, alikula nao, anawajua majina. Siku isiyofungiwa shule, akasema, mtoto ataijuaje kuwa ni siku? Mzee Mukasia akaona hilo nalo ni kweli.

Nabwire, mama pekee kwenye kamati, akasema wao wabishane wakichoka watamwambia. Anachojua yeye, shule ikifungwa mtoto hakumbuki askari, anang'oa maharagwe. Na yeye hana ubaya, maharagwe yake yameiva. Watu wakacheka.

Onesmus hakucheka. Alimgeukia Mukasia.

"Mzee wangu, sema wewe. Ulienda vita vya kwanza. Ingawa nyinyi wa Kariakor hamkuwa askari hasa. Mlikuwa punda wa kubeba masanduku."

"Punda walikufa njiani," akasema Mukasia. "Ndipo tukaitwa sisi."

Kicheko kikazuka tena. Onesmus naye akatabasamu, lakini akasogea karibu, akashusha sauti.

"Na Chitechi je? Chitechi ana siku gani nyingine?"

Mukasia akainamia dawati.

Chitechi alikuwa ndugu yake mkubwa. Walichukuliwa pamoja kwenda kubeba mizigo ya jeshi kule Tanganyika kwa Mjerumani. Chitechi akaugua tumbo. Akaachwa chini ya kibanda cha majani kando ya mto, na Mukasia akaamriwa ainue mzigo wake waendelee. Hakumwona tena. Kwa desturi ya kwao, mtu akipotelea ugenini unakatwa mgomba, unazikwa mahali pake, watu wanalia wanamaliza. Mama yao alikataa. Alisema hatazika ndizi wakati mtoto wake yuko njiani anarudi. Akafa akisema hivyo. Basi Chitechi hakuwa na kaburi, wala matanga yake hayakuanuliwa. Alikuwa na ile tarumbeta ya mjini tu.

Mwalimu Phineas akataka mikono. Wanaotaka shule ifungwe? Mukasia akanyoosha mkono. Wanaotaka iwe wazi? Mukasia akanyoosha mkono. Mwalimu akahesabu, akahesabu tena, kura zikawa sawa kwa sawa, na mkono mmoja umezidi idadi ya watu.

"Mzee, umenyoosha mara mbili."

"Nimeona."

"Chagua moja basi."

Aliangalia sakafu. Tangu Ayuma azikwe ilikuwa imeanza kupasuka nyufa. Angekuwepo angemwambia la kusema, na njiani kurudi nyumbani angemgombeza kwa kulisema vibaya.

"Ayuma ana kaburi," akasema mwishowe. "Chitechi hana. Fungeni."

Jumatano shule ikafungwa. Onesmus alitangulia mjini alfajiri kuulizia mipango ya gwaride, akisema watoto wamfuate pamoja na mwalimu wa zamu. Hawakumfuata. Wazazi walikwisha kuwaamsha. Kutoka penye kigoda chake Mzee aliwaona wameinama mashambani, huku na huku, waking'oa maharagwe.

Uani waliketi ndugu wa Ayuma kutoka Likuyani na majirani wachache. Hakuna aliyeimba. Obusuma, ugali wa kwao, ulipokuwa ukipakuliwa, Onesmus akaingia, nishani kifuani, viatu vimejaa tope. Akaketi karibu na Mukasia bila kusalimia.

"Hakukuwa na mtu," akasema. "Kiwanja kitupu. Kijana mmoja anafyeka nyasi, akaniuliza mimi ni wa bendi gani."

"Tarumbeta?"

"Hakuna."

Mukasia alitikisa kichwa polepole. Alimnyima Ayuma watoto ili ampe Chitechi, na Chitechi hakupata. Watoto wenyewe ndio wale pale, hawako kwa huyu wala kwa yule. Alijaribu kutafuta nani amekosa. Si Onesmus. Si mwalimu. Nabwire alisema mapema, lakini yeye alikuwa anataka maharagwe yake.

Mzee wa ukoo akamwomba aseme neno juu ya mkewe, ili matanga yaanuliwe. Mukasia akasimama. Akavua kofia.

"Chitechi alikuwa mrefu kunishinda," akaanza. "Alikuwa anaimbanga akibeba mzigo."

Watu wakatazamana. Jescah, binti yake, akamvuta koti.

"Baba, ni siku ya Mama."

"Najua. Mama yako ndiye alitupikia siku ile tunaondoka. Alikuwa bibi arusi, hajakaa kwetu hata mwezi. Alichinja kuku, Chitechi akampa paja la ingokho. Mimi akanipa shingo. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, wewe utarudi, nitakupikia tena."

Hakujua amemsemea nani kati ya wale wawili, wala kama matanga aliyoyaanua yalikuwa ya Ayuma au ya Chitechi. Onesmus alikuwa amesimama wima, mikono ubavuni, kama mtu aliye kwenye gwaride. Mukasia akamtazama, akavaa kofia, akaketi, akamwambia Jescah ampe yule mtu chakula.