Nimemsalimia roboti mara tatu

Leo Jumapili, mwaka wa thelathini na nane tangu niondoke Ifakara, nimemsalimia roboti mara tatu.

Mpwa wangu Agatha anauza mchele mtandaoni, hukohuko Ifakara. Mwezi uliopita tovuti yake ilizimika, wateja wa Dar wakadhani ni tapeli. Ikizimika tena msimu huu wa mavuno, biashara imekwisha.

Kwa hiyo anatafuta kampuni nyingine ya kuihifadhi tovuti hiyo. Mimi, huku Bukoba, nikampendekezea moja kwa kujiamini sana. Nilikuwa nimesoma kila kitu kuihusu.

"Waandikie kwanza, mjomba," akaniambia kwenye simu. "Tuone kama wapo."

Nikaandika: Hamjambo?

Jibu: Samahani, sijaelewa. Chagua kifurushi.

Nikadhani nimekosa adabu. Nikauliza za Jumapili.

Chagua kifurushi.

Nikauliza na za nyumbani. (Msijifanye, nanyi mngeuliza.)

Chagua kifurushi.

"Mjomba, hiyo ni mashine," Agatha akasema, amekaukiwa sauti kwa kucheka.

Tukajaribu kampuni ya pili, ambayo mimi nilikuwa nimeidharau.

"Hamjambo, wanangu?"

"Hatujambo mzee, shikamoo."

"Marahaba. Tovuti ikizimika Jumapili, nani anashughulika?"

"Si ndiyo mimi huyu tunaongea, mzee?"

Agatha ameshahamia kwao. Picha ya kwanza aliyoweka ni mpunga umeanikwa uani kwa bibi yake, yaani kwa marehemu mama yangu. Nimeitazama mpaka chai ikapoa.

"Sasa njoo uuone mwenyewe, mjomba."

Nitauona kwenye tovuti, kila asubuhi. Kurudi, sirudi; mama hayupo tena uani pale.